Viungo vya Hoja katika Somo la Kiingereza



Muhula uliopita, katika somo la Kiingereza, tulifundishwa namna ya kutambua viungo vya hoja. Hapo kwanza nilidhani ni jambo la kujibia mtihani tu. Sasa nimeona kwamba lafaa hata shambani kwetu, na kwa hiyo napenda kuwaeleza niliyojifunza.

Neno la Kiingereza "argument" lina maana mbili. Maana moja ni ugomvi wa maneno, kama ule wa watu wawili wanaogombea zamu ya kuteka maji bombani. Maana ya pili ni hoja, yaani maneno yaliyopangwa ili msikilizaji akubali jambo kwa kuelewa, si kwa kuogopa. Wengi wetu tukilisikia neno hilo hukimbilia maana ya kwanza.

Hoja iliyokamilika ina viungo vitano, na kila kiungo hujibu swali lake.

1. Dai. Swali lake ni: Unataka nikubali nini? Katika Kiingereza tazama maneno kama "should" na "must", au sentensi inayoanza na "therefore".

2. Sababu. Swali lake ni: Kwa nini? Tazama "because" na "since". Lakini jihadhari, maana "since" huweza pia kuwa "tangu". Mtu akisema amekaa Nyakahanga "since 2019", hapo hatoi sababu, bali ataja wakati.

3. Ushahidi. Swali lake ni: Wajuaje? Hapa huja mifano, hesabu, na mambo yaliyoonekana kwa macho.

4. Pingamizi. Swali lake ni: Asiyekubali atasema nini? Mara nyingi huanza na "although" au "some people say".

5. Jibu la pingamizi. Hili hufuata maneno kama "however" na "but".

Viungo hivi havifuatani daima kwa taratibu hii. Dai laweza kuwa mwisho wa habari. Kwa hiyo tusitazame mahali sentensi ilipo, bali kazi inayoifanya.

Mwalimu alituagiza kila mmoja aandike mabishano aliyoshindwa, kisha ayagawe katika viungo. Mimi niliandika mabishano yangu na Baba.

Likizo moja niliona shambani kwetu mgomba ambao majani yake yamenyauka, na mkungu umeanza kuiva kabla ya wakati. Nilipokata ndizi moja, ndani ilikuwa ya rangi ya kahawia. Ulikuwa ni mnyauko, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001, na katika Mkoa wetu wa Kagera mwaka 2006. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua. Na kwetu Karagwe ndizi ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule.

Nikamwambia, "Baba, panga hili lisitumike tena, na shina hili ling'olewe lote."

Akauliza, "Kwa nini?"

Nikajibu, "Ndivyo tulivyofundishwa."

Akasema, "Babu yako na mimi tumekata migomba kwa panga hili miaka yote, wala haikufa. Nikiling'oa shina lote, mtakula nini?"

Nikaondoka kwa hasira, nikijiambia kwamba wazee hawasikii.

Nilipoyagawa maneno yale darasani, niliona aibu. Mimi nilikuwa na madai mawili, wala sikuwa na sababu hata moja. Kusema "tulifundishwa" ni kutaja aliyesema tu, si kueleza kwa nini ni kweli. Baba alikuwa na ushahidi wa miaka mingi, na pingamizi zito juu ya chakula. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa wakati ambao ugonjwa haujafika. Hili ni somo kubwa: ushahidi waweza kuwa wa kweli, na bado usilifae dai.

Likizo iliyofuata nilianza kwa kukubali lililo kweli. Nikasema, "Baba, ni kweli panga hili halikuiua migomba ya babu, kwa kuwa wakati ule ugonjwa huu haukuwapo. Siku hizi vijidudu vyake vimo katika utomvu. Panga likikata mgomba mgonjwa huvibeba na kuvitia katika mgomba mzima. Tukilipitisha motoni, vitakufa." Tukaukata mgomba mwingine mgonjwa, nikamwonyesha uteute wa manjano ukitoka. Nikaeleza pia kwamba wadudu huchukua vijidudu kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi la mwingine. Kwa hiyo yafaa ua hilo livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa kisu, mara chane za mwisho zikitokea.

Baba akatazama kwa muda, akasema, "Washa moto."

Lakini juu ya kung'oa shina lote aliniuliza, "Wajuaje kwamba machipukizi yote yamekwisha kuugua?" Sikuwa na jibu. Nilimwuliza bwana shamba, naye akaeleza kwamba zamani wakulima waliambiwa kung'oa shina zima, lakini baadaye wataalamu waliona kwamba vijidudu havifiki daima katika kila chipukizi. Mgomba mgonjwa ukikatwa mapema, chini kabisa, yale mengine huweza kupona, mradi mkulima akague mara kwa mara. Basi dai langu la pili nikaliacha. Pingamizi la Baba lilikuwa na nguvu kuliko hoja yangu.

Mfano mwingine umo katika mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Brutus awaambia watu kwamba Caesar aliuawa kwa sababu ya tamaa yake ya ukubwa. Ametoa sababu, lakini ushahidi hakutoa. Antony ndiye aletaye ushahidi: Caesar alijaza hazina ya Roma, aliwalilia maskini, na alikataa taji mara tatu. Lakini kisha Antony huchochea hasira, na watu wakamwua Cinna mshairi kwa kosa la jina tu. Waliosikiliza hawakuuliza, "Wajuaje?"

Zoezi. Tambua kiungo katika kila sentensi, kisha useme ni kipi kimekosekana.

(a) Wengine husema maji ya chemchemi hayahitaji kuchemshwa, maana ni maangavu.
(b) Lakini vijidudu ni vidogo mno, havionekani kwa macho.
(c) Yafaa kila mtu achemshe maji ya kunywa.
(d) Kuchemsha huviua vijidudu viletavyo magonjwa ya tumbo.

Majibu: (a) pingamizi, (b) jibu la pingamizi, (c) dai, (d) sababu. Kilichokosekana ni ushahidi.

Mwanafunzi mwenzangu, kabla ya kusema kwamba mzee hasikii, hesabu kwanza viungo vya hoja yako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne