SOMO LA MIFUGO: Ng'ombe wa Majaribio na Chanjo ya Ndigana Kali

Mfugaji, je, ni haki kumwambukiza ng'ombe ugonjwa makusudi? Ndigana kali huenezwa na kupe, ambao hufika hata kwa ng'ombe wa zizini kupitia nyasi za kukatwa. Miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, Kiambu, waliwaambukiza ng'ombe wakitafuta chanjo. Baadhi waliugua, lakini kipimo salama hakingejulikana kwa njia nyingine. Leo ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na antibiotiki, akapata kinga ya muda mrefu.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hudai leseni kwa majaribio. Basi usibahatishe dawa nyumbani. Hilo nalo ni jaribio, tena lisilo na faida. Muone afisa wa mifugo wa wadi yako.