Maji ya Jikoni Chini ya Mlima Meru: Mwongozo kwa Wapishi wa Shule, Walezi wa Watoto na Mama Lishe

Mwongozo huu ni wa anayewasha jiko alfajiri kwa ajili ya watoto wa wenzake. Kuanzia Oldonyosambu na Ngaramtoni hadi Usa River, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji unayoteka yanaweza kuwa maangavu na ya baridi, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, na bado yakawa na floraidi nyingi kuliko mwili wa mtoto unavyohimili.

Chanzo chake ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na maji ya mvua yakipenya kwenye miamba na majivu yake huichukua floraidi iliyomo. Penye kalsiamu ya kutosha, kalsiamu huikamata floraidi na kuiacha ardhini. Maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi husafiri nayo hadi chemchemi na visima. Kiasi hubadilika kwa umbali mdogo sana. Chemchemi moja yaweza kuwa salama, na kisima kilichochimbwa ng'ambo ya korongo kisiwe salama. Usikubali neno la jumla kwamba maji ya kijiji fulani ni mazuri. Uliza ni chanzo kipi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita, na ndicho kiwango cha Tanzania sasa. Viwango vya nchi vya zamani vilikuwa vilegevu zaidi: viliwahi kuruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kisha 4. Ndiyo maana karatasi ya kipimo ya miaka mingi iliyoandikwa "yanafaa" haitoshi. Soma namba yenyewe.

Anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miaka 8, kwa sababu huo ndio umri ambao meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi. Floraidi ikizidi, jino hutoka na mabaka meupe au ya kahawia, na lililoathirika zaidi humegeka. Rangi hiyo imo ndani ya jino, haitoki kwa mswaki. Mlezi asimwambie mtoto kamwe kwamba ni mchafu au mvivu wa kupiga mswaki; ni maneno yanayomfanya afunike mdomo kila anapocheka, na si ya kweli. Mtu akinywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita, mifupa nayo huweza kuanza kubadilika, na yakizidi 10 kuna hatari ya ulemavu wa kudumu. Mtoto mwenye matege, au mtu mzima ambaye mgongo na viungo vyake vinakakamaa, apelekwe kituo cha afya. Matege yana sababu nyingine pia, na kutofautisha ni kazi ya mganga.

Jikoni

Endelea kuchemsha maji ya kunywa, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa kwa moto. Floraidi haifi, wala haiondoki na mvuke. Lita 20 zenye miligramu 3 kwa lita zina miligramu 60. Ukizichemsha hadi zibaki lita 15, zile 60 bado zimo, na sasa ni miligramu 4 kwa kila lita. Funika sufuria, na maji yakichemka barabara, epua. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu.

Kwenye magadi naomba mpishi anisikilize kwa makini zaidi. Magadi hulainisha maharage na kuokoa kuni, na najua bei ya kuni na mkaa. Lakini magadi hubeba floraidi, na kiasi chake hutegemea yalikookotwa, jambo ambalo muuzaji sokoni hawezi kukueleza. Makande hayamwagwi maji. Kilichoingia sufuriani chote huishia kwenye sahani ya mtoto. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha pika kwa maji salama bila magadi. Majani ya chai pia yana floraidi, kwa hiyo wadogo wapewe uji au maziwa badala ya chai ya rangi. Maziwa ya ng'ombe na ya mama yana floraidi kidogo sana.

Maji salama yakiwa machache, yaanze kwa uji na kunywa kwa watoto wa chini ya miaka 8, kisha kupikia. Kuoga, kufua na kudeki tumia ya bomba au kisima bila hofu, kwani floraidi haidhuru kwa kupita kwenye ngozi.

Kichujio cha mkaa wa mifupa

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kumefanyiwa kazi njia ya kuondoa floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Madini ya mfupa yana nafasi ambazo floraidi huingia na kushika kwa nguvu. Ni uvutano uleule unaoipeleka kwenye meno ya mtoto. Hapa unatumiwa kuikamata kabla haijamfikia.

Uchomaji ndio moyo wa kazi. Mifupa huchomwa penye hewa kidogo, kwa nyuzi joto kati ya 400 na 600 hivi. Moto ukipungua, mabaki ya nyama na mafuta hubaki na maji hunuka. Ukizidi, vitundu vidogo vya ndani huziba, mfupa huwa mweupe, na uwezo wake wa kushika floraidi hushuka. Usichome mwenyewe uani kwa kubahatisha. Vilevile shabu, inayotuliza maji ya tope, huweza kupunguza floraidi ikichanganywa na chokaa, lakini kwa vipimo vya fundi aliyefunzwa.

Mkaa huo hujaa. Siku ukijaa, maji hutoka maangavu kama jana, na floraidi imo. Muulize fundi umekadiriwa lita ngapi kwa maji ya chanzo chako. Akisema 4,000, nawe unatumia 40 kwa siku, una siku 100. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye ndoo ya kichujio kwa rangi isiyofutika. Wapo wasiotaka maji yaliyopita kwenye mfupa, kwa imani au kwa kinyaa. Wazazi waulizwe kabla ya kufunga kichujio.

Vichujio vya dukani havifanani. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliyekuwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa kichujio cha mchanga na chembe ndogo mno za nano, kinachotengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Nawe uliza hivyohivyo: hiki kinaondoa floraidi, au vijidudu tu?

Mvua na kipimo

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Milimita 10 zikinyesha juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 600, ukiacha zinazopotea. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati na vumbi lake, ndipo uelekeze mfereji kwenye simtanki yenye mfuniko. Ya kunywa yachemshwe.

Kwa kipimo, wasiliana na mamlaka ya maji ya mjini, AUWSA, au wakala wa maji vijijini, RUWASA, wakuelekeze kwenye maabara ya ubora wa maji. Tumia chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, kisha andika chanzo, tarehe na saa. Peleka chupa moja ya kiangazi na nyingine ya masika. Mwenye kichujio apeleke mbili kwa siku moja: ya maji yanayoingia na ya yanayotoka.