Kuitika Wito kwa Moyo wa Hiari

Andiko kuu: Luka 5:1–11
Soma pia: Luka 14:28, 2 Wakorintho 8:12



Ukishuka Dunga asubuhi unakutana na wavuvi wa omena wakitoka ziwani, macho mekundu, taa zimezimwa. Usiku ukiwa mbaya, unajua hata kabla hujauliza bei. Petro alikuwa katika hali hiyo. Amekesha, hana samaki, anaosha nyavu aende zake alale. Ndipo Yesu akaja kumwomba mashua.

1. Wito huanza na kitu kidogo

Angalia vizuri mstari wa 3. Yesu hakuanza kwa kumwambia Petro aache yote. Aliomba mashua isogezwe kidogo tu kutoka ufuoni. Mstari wa 4 ndipo anamtuma kilindini. Kuacha vyote kunakuja mstari wa 11. Wengi wetu tunangoja sauti kama ya radi, kumbe Bwana anaomba mashua tu: sebule yako kwa ushirika wa nyumbani, au pikipiki yako kumfikisha mgonjwa hospitali.

2. Hiari si kuelewa kila kitu

Petro alilijua ziwa kuliko seremala wa Nazareti. Hakuficha mashaka yake. Alisema wazi kwamba wamehangaika usiku kucha bure. Lakini kwa sababu ya neno la Bwana, akashusha nyavu. Unaweza kuuliza swali huku mikono yako tayari iko kazini.

Mimi nilisomea biashara, nikafundishwa kupiga hesabu kabla ya kutoa shilingi. Yesu mwenyewe anatuambia tuhesabu gharama. Shida ni pale hesabu inapogeuka kuwa njia ya heshima ya kukataa. Nilipomaliza chuo nilimwambia Bwana, nipe kazi kwanza, nitakutumikia. Nikapata. Nikasema, ngoja nipandishwe cheo. Nikapandishwa. Nikasema, ngoja nimalize mkopo. Miaka minne ikaenda hivyo, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri!

3. Petro aliacha vyote siku ya faida

Hapa ndipo neno liliponikamata. Petro hakuacha vyote asubuhi ile ya hasara. Aliacha wakati mashua mbili zilikuwa karibu kuzama kwa wingi wa samaki, siku ambayo mvuvi yeyote angesema, "Sasa biashara imefunguka." Sisi husema, "Nikishapata nitamtumikia." Petro alipata, na siku hiyo hiyo akafuata. Hakumpa Bwana mabaki.

Hapa kwa majirani zetu Uganda alikuwepo Apolo Kivebulaya. Mwaka 1896 alijitolea kwenda Boga, ng'ambo ya mpaka, Kongo, mahali ambapo walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya njaa. Huko alipigwa, akafungwa, na bado akarudi Boga. Alifariki 1933 akazikwa huko huko, kichwa kikielekezwa magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza. Hata kaburini alielekea kule alikotaka Injili ifike.

Simwambii mtu afunge kibanda chake pale stendi ya Nyamasaria kesho asubuhi. Si kila mtu ameitwa kuacha kazi. Lakini kila aliyeokoka ameitwa kuitika. Paulo anasema nia ikiwepo, Mungu hupokea kulingana na kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho. Wiki tatu sasa tumetangaza kwamba darasa la watoto linahitaji walimu. Hakuna mkono umeinuka. Jameni, watoto hawangoji tumalize mikopo, wanakua.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Bwana anaomba "mashua" gani kwako wiki hii?
2. Ni "ngoja kwanza" gani umekuwa ukimwambia, na tangu lini?

Tuombe: Bwana, nisamehe kwa kukuwekea masharti. Chukua nilicho nacho leo. Nimeitika. Katika jina la Yesu, Amina.