Kura ya chama kidogo

SWALI: Chama chetu cha kulinda kasa kinataka kujiunga na IUCN, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira. Je, kura yetu itakuwa na uzito wowote mbele ya serikali?

JIBU: Itakuwa nao, tena mkubwa kuliko mnavyodhani. Tangu IUCN iasisiwe Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1948, serikali na vyama vya kiraia vimekaa humo pamoja. Wenye kauli ya mwisho ni Mkutano Mkuu wa kila miaka minne, na kubwa ni namna kura zinavyohesabiwa. Za serikali huhesabiwa kivyake. Zenu, pamoja na za jumuiya za watu wa asili waliopewa kundi lao mwaka 2016 kule Hawaii, huhesabiwa kivyake. Hoja isipopata wingi pande zote mbili, imeanguka. Hata serikali zote zikikubali, bila upande wenu haipiti.

Ninachowasihi, msisubiri ukumbini. Hoja nyingi hupigiwa kura mtandaoni kabla ya mkutano, na mvutano hasa uko kwenye rasimu, pale mtu anapofuta “inataka” na kuandika “inahimiza”. Hapo ndipo kasa wenu wanapoachwa bila mtetezi. Isomeni neno kwa neno. Na ada lipeni mapema, maana malimbikizo husimamisha haki ya kupiga kura.