Mungu wa Jumatatu: Kumkaribia Mungu Katika Siku ya Kawaida



Leo tuangalie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa nilikolelewa hadi Mbeya ninakofanya kazi sasa. Wanauliza hivi: "Kaka, nikiwa kwenye kongamano la vijana au kwenye mkesha wa Pasaka, namsikia Mungu yuko karibu kabisa. Nikirudi kwenye biashara yangu, siku tatu hazipiti, naona kama ameniacha. Shida ni nini?"

Usilichukulie swali hili kirahisi. Wapo vijana wanaoamua kwamba imani imewashinda. Wengine wanazunguka kutoka mkesha hadi mkesha wakitafuta tena ule moto wa moyoni. Na wengine wanaacha kusali kimyakimya, bila hata kugombana na mtu.

Jibu langu ni hili: Mungu hakubaki kule kwenye kongamano. Sisi ndio tunaomwaga pale mlangoni, halafu Jumatatu tunaingia kazini peke yetu. Tuone basi namna ya kwenda naye.

1. Yesu mwenyewe aliishi siku za kawaida

Fungua Luka 3:23. Yesu alipoanza kazi yake ya hadharani alikuwa na umri wa miaka kama 30. Mahubiri na miujiza tunayoisoma ilichukua takribani miaka mitatu. Miaka yote iliyotangulia alikuwa wapi? Nazareti. Watu wa kwao walimjua kama seremala tu (Marko 6:3). Mbao, wateja, majirani, kumsaidia mama nyumbani, kwenda sinagogi siku ya Sabato.

Sasa angalia Luka 3:22. Anabatizwa, na Baba anatangaza kwamba huyu ni Mwanawe mpendwa, anapendezwa naye. Wakati huo Yesu alikuwa bado hajamponya mgonjwa hata mmoja wala kuhubiri mlimani! Baba alikuwa anapendezwa na Mwana aliyeishi Nazareti. Ndugu yangu unayeuza nguo Mwanjelwa, dada unayesoma Mkwawa, kaka unayeendesha bajaji Uyole: siku yako ya kawaida si muda wa kusubiri Mungu aje. Yeye mwenyewe alishaiishi.

2. Njia ndogo ya Teresa

Ukikaa Iringa lazima utawafahamu masista Wateresina. Msimamizi wao ni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Binti huyu aliingia utawani Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu. Hakwenda misioni hata siku moja. Hata hivyo Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1925, likamfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Alifanya nini? Vitu vidogo, kwa upendo mkubwa. Anasimulia kwamba wakati wa kufua, sista mmoja alikuwa akimrushia maji machafu usoni kila mara. Teresa angeweza kujifuta kwa hasira ili mwenzake aone. Akaamua kunyamaza na kumtolea Mungu lile kero. Basi! Wewe unayepanga chumba kimoja na mwenzako, asiyeosha sufuria na anayepiga muziki hadi usiku, unaelewa kwamba jambo hili si dogo hata kidogo. Ikibidi kuongea naye, ongea, lakini kwa upole. Hapo ndipo njia ya Teresa inapoanzia.

3. Mungu na mizani

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapokwama.

Mikoa yetu inaishi kwa mazao: viazi, mahindi, maharage, parachichi. Na sote tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa "kofia" juu na kushonwa kwa kamba. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mama aliyelima viazi kwa jembe la mkono analipwa gunia moja huku ametoa moja na zaidi. Kijana anayemfanyia hivyo pengine ni mwanakwaya. Jumapili anaimba vizuri, Jumatatu anashona lumbesa, kisha anashangaa kwa nini sala zake anaziona kavu.

Sisemi kwamba kila ukavu katika sala unatokana na dhambi. Watakatifu wengi walipitia ukavu. Ninachosema ni kwamba huwezi kumkaribia Mungu huku unajificha asione kitabu chako cha hesabu. Walawi 19:35-36 inakataza udanganyifu katika vipimo, na Mithali 11:1 inasema mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani, jambo la kwanza lililobadilika lilikuwa hela zake (Luka 19:8).

Najua utaniambia: "Kaka, nisipofanya hivyo nitakula nini? Wenzangu wote wanafanya." Ni kweli, uaminifu una gharama, na siku nyingine utarudi na faida ndogo. Lakini siku hiyo umempa Mungu kitu kilichokuuma, na sadaka ya namna hiyo inakusogeza kwake kuliko nyimbo nyingi. Mizani yako unaijua mwenyewe: chenji ya abiria, hesabu ya bosi, risiti ya ofisini, jibu ulilonakili kwenye mtihani. Anza na hiyo.

4. Ratiba ndogo inayowezekana

Sikupi ratiba ya monasteri. Chukua hii:

*Asubuhi, kabla ya kushika simu.* Fanya ishara ya msalaba, mtolee Mungu siku yako kwa maneno yako mwenyewe. Mwezi wa Juni na Julai kwa baridi yetu hii, unaweza kuanza ukiwa bado ndani ya blanketi, Mungu hakasiriki. Ila usiishie kulala tena!

*Injili ya siku.* Isome, hata ukiwa kwenye daladala. Chagua neno moja, tembea nalo.

*Saa sita mchana.* Sali Malaika wa Bwana. Haifiki dakika tatu.

*Usiku.* Tafiti dhamiri kwa maswali matatu: Leo Mungu amenipa nini? Nimemkosea wapi, yeye au jirani? Kesho nirekebishe nini? Ukiona kosa lilelile linajirudia, usiogope, peleka kwenye Kitubio.

*Kila wiki.* Misa ya Jumapili na Jumuiya Ndogo Ndogo. Vijana wengi tunasema jumuiya ni ya wazee. Lakini ukiugua, ni akina nani watakuja kubisha hodi chumbani kwako? Usisali peke yako wakati Kanisa liko mlango wa pili.

5. Usiposikia chochote

Wale wafuasi wawili wa Emau walitembea na Yesu njiani bila kumtambua (Luka 24:13-35). Walimtambua alipoumega mkate, ndipo wakakumbuka kwamba mioyo yao ilikuwa inawaka tangu barabarani. Kwa hiyo kutomsikia hakumaanishi kwamba hayupo.

Fikiria basi la kutoka Iringa kwenda Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 300. Mafinga mtasimama, Makambako mtasimama, lakini sehemu kubwa ya safari ni barabara tu. Makongamano na mikesha ni vituo vizuri, tunapumzika na kupata nguvu. Hakuna anayefika kwa kukaa stendi.

Zoezi la wiki hii: andika sehemu moja ya siku yako ambayo hujawahi kumkaribisha Mungu. Moja tu. Kila asubuhi kwa siku saba, itaje mbele zake kwa jina, kisha fanya jambo moja la uaminifu hapo.

Tusali: Bwana Yesu, uliyefanya kazi Nazareti, ingia nami kazini kesho. Safisha mikono yangu na mizani yangu. Nisipokusikia, nisaidie kuendelea kutembea nawe. Amina.

Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, utuombee. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee.