SOMO LETU: TANGI JIPYA NALO LIOSHWE



Tangi la plastiki likiletwa, wengi husema, "Si ni jipya? La kuosha nini?" Jipya siyo safi. Limekaa wazi dukani, limepita vumbi la Voi juu ya lori, na fundi ametoboa akaacha mabaki ndani. Maji yawe ya mvua au ya bomba la Mzima, yakiingia humo yanachafuka. Wa kwanza kuhara ni watoto.

Lakini maji kwetu ni ya taabu. Nani atamwaga tangi zima wakati wa kiangazi? Hakuna haja. Ndoo moja ya dawa inatosha:

1. Tusugue ndani kwa maji na brashi ya mpini mrefu, tumwage. Mtu asiingie ndani.
2. Katika lita 20 za maji safi tutie mililita 120 za Jik isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi. Tusome chupa.
3. Tuvae glavu, tupake kuta zote na kifuniko. Zibaki zimelowa nusu saa.
4. Dawa iliyobaki tuipitishe kwenye mfereji.
5. Tusuuze mpaka harufu iishe. Tumwage mbali na mboga na kisima.

Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo. Hutoa hewa ya sumu.

Maswali ya kikundi: Tangi letu lilioshwa lini? Kifuniko kinafunga sawasawa? Zamu ijayo ni ya nani?