SOMO: Kabla Panga Halijashikwa



Tarehe 2 Januari 2015, uvumi kwamba Panya Road wameingia mitaani ulitosha kufunga maduka sehemu nyingi za Dar es Salaam. Septemba 2022 kundi la jina hilo liliua mwanafunzi huko Kawe; siku chache baadaye polisi walitangaza kuwa watuhumiwa sita wameuawa. Kibamba nasi tuliwahi kufunga milango mapema.

Polisi Jamii ipo tangu 2006, na ulinzi shirikishi husaidia pale mtendaji wa mtaa, polisi kata, wachungaji na mashehe wanapokaa pamoja. Lakini tukiri kosa letu: vikao huitishwa saa nne asubuhi, wazee tukawajadili vijana wasiokuwepo, tena kama wezi kabla hawajaiba. Kikao cha jioni, karibu na kijiwe chao, kina faida zaidi.

Mikopo ya halmashauri hutenga asilimia 4 kwa vijana, ila huanzia miaka 18. Mvulana wa miaka 15 aliyeacha shule haimfikii. Hapo ndipo sadaka na ufadhili viende: kumweka kwa fundi seremala au gereji, na kumnunulia vifaa anapohitimu. Asipopewa vifaa hurudi kijiweni na ujuzi wake mikononi.

Swali la kujadili: mtaani kwenu ni wavulana wangapi wameacha shule mwaka huu, na nani kwenye kamati anawajua kwa majina?